Nilifundisha vibaya habari ya chuma

Kosa langu ni hili: kwa miaka mingi nilifundisha, darasani na nje ya darasa, kwamba damu ikipungua dawa yake ni kuongeza chuma, basi. Nilikuwa na mchoro wangu ubaoni: debe lililojaa nusu, na mshale unaoingia kwa juu. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuuliza mbona hakuna mshale wa kutokea, nikamwambia asitangulie somo. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, huku pwani ya Tanga, na mtaani kwetu mwalimu wa baiolojia ni nusu daktari, apende asipende. Mimi nilipenda.

Akina mama walikuja na kadi za kliniki, wekundu wa damu umeandikwa tisa au nane, nami orodha yangu ilikuwa mdomoni tayari: matembele, maini, dagaa, juisi ya rozela, na juu ya yote ile dawa ya maji ya kuongeza damu inayouzwa kila duka la dawa. Vyakula hivyo havina ubaya, na maini yana chuma kingi kweli. Ubaya ulikuwa kwenye uhakika wangu. Sikuuliza hata siku moja damu ya mtu imepungua kwa nini. Huku kwetu damu hupunguzwa na malaria, minyoo ya safura, kichocho, selimundu, hedhi nzito, uzazi wa papo kwa papo, na ndiyo, upungufu wa chuma chenyewe. Mimi wote niliwatibu kwa debe lile lile.

Ndipo likatokea la mtoto wa jirani. Alikuwa hajatimiza miaka miwili. Zahanati walimpima wakakuta malaria, wakampa dawa mseto, na kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vimepauka wakampima na damu: nane. Tabibu akamwambia mama yake amalize kwanza dawa ya malaria, kisha amrudishe mtoto baada ya wiki nne apimwe tena, hapo ndipo wataangalia habari ya kuongeza damu. Mama akaja kwangu moja kwa moja.

"Mwalimu, mtoto kapauka hivi, wananiambia nisubiri?"

Nilicheka. "Dada yangu, hao wameishiwa dawa, ndiyo maana wanakuzungusha."

Sikujua kama wameishiwa au hawajaishiwa. Nilisema tu. Nikatoa chupa kabatini kwangu, nikampa, na kwa kuwa nane niliiona ndogo mno nikamwambia ampe mara mbili ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Mtoto akaanza kutapika. Chuma husumbua tumbo, tena zaidi kikiingia kingi na tumbo likiwa tupu. Muuza dawa yeyote angeniambia hivyo kama ningemuuliza. Lakini nyumba ile ilikuwa na dawa mbili, moja ya zahanati na nyingine ya Mwalimu, na mama alipotafuta mkosaji hakumfikiria Mwalimu. Akaacha dawa mseto, akaendelea na ya kwangu. Dozi ya dawa mseto ni mara sita kwa siku tatu, na vidonge vingine vilibaki kwenye pakiti. Homa ikarudi kwa kishindo, mtoto akalazwa, akaongezewa damu. Alipona, na sasa anasoma; nalisema mapema ili msomaji asihangaike. Siwezi kudai kwamba chuma changu ndicho kilichompeleka wodini, maana malaria isiyomalizwa dozi haihitaji msaidizi. Ila dozi haikumalizwa kwa sababu yangu.

Nilikwenda kumwomba radhi mama yake. Alinipokea vizuri, akanipa chai, na tangu siku ile hajaniuliza tena jambo lolote la afya. Kisha nikaenda zahanati, nikamwambia tabibu yote, hata lile la kuishiwa dawa, nikamwomba anieleze hizo wiki nne zilikuwa za nini. Hakunikemea. Alisema, "Mwili wenyewe sasa hivi umekifungia hicho chuma, Mwalimu. Ukimpa leo, kingi kitabaki tumboni." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa, na cheti changu kinasema baiolojia.

Nilipoanza kusoma upya niliona aibu zaidi, kwa sababu sehemu ya jibu ilikuwa kwenye kitabu changu mwenyewe, katika kurasa ambazo nilikuwa nazirukia kwa kuwa mtihani hauziulizi. Chuma hutoa elektroni na kuipokea tena kwa urahisi. Kwa tabia hiyo seli hupata nguvu kutoka kwenye chakula, na kwa chuma himoglobini hushika oksijeni. Lakini chuma ambacho hakijashikwa na protini kikikutana na haidrojeni peroksaidi, ambayo seli huizalisha kila siku katika shughuli zake, hutokea kemikali kali inayorarua utando wa seli na kuharibu DNA. Mkemia Mwingereza Henry Fenton aliandika juu ya mmenyuko wa namna hiyo mwaka 1894. Kwa hiyo mwili hauachi chuma kizurure. Kwenye damu hubebwa na protini iitwayo transferini, atomi mbili kwa kila molekuli, na kwa mtu mzima mwenye afya karibu theluthi moja tu ya nafasi hizo ndiyo huwa imejaa. Ndani ya seli, ziada huhifadhiwa kwenye feritini, vipande 24 vya protini vilivyoungana kuwa tufe lenye uwazi katikati, linaloweza kubeba hadi atomi 4,500 za chuma.

Sasa seli inajuaje kwamba chuma kimepungua? Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Kuna protini moja ambayo, chuma kikiwa cha kutosha, hubeba kifundo cha atomi nne za chuma na nne za salfa, na kwa kifundo hicho hufanya kazi ya kimeng'enya, ikigeuza sitreti kuwa isositreti. Chuma kikipungua kifundo hakikamiliki, na protini ile ile huacha kazi ya kimeng'enya ikaenda kushika RNA zinazosubiri kusomwa. Ikishika mwanzoni mwa RNA ya feritini, inazuia isisomwe, kwa hiyo feritini haitengenezwi wakati hakuna cha kuhifadhi. Ikishika mkiani mwa RNA ya kipokezi cha transferini, inaikinga isikatwekatwe. RNA hiyo inaishi zaidi, inasomwa mara nyingi zaidi, na vipokezi vya kuvutia chuma ndani vinaongezeka juu ya seli. Protini moja, mshiko ule ule, matokeo mawili yanayopingana, na yote mawili ndiyo yanayohitajika saa hiyo. Chuma kikirejea, kifundo kinaundwa tena na protini inarudi kwenye kimeng'enya chake. Nimewafundisha watoto wa watu madini mwilini miaka yote ile, na sikuwahi kuwaambia kwamba seli inapima.

Na si chuma peke yake. Mwaka 1999 Thomas O'Halloran na wenzake walionyesha kwamba ndani ya seli ya hamira shaba iliyo huru haifiki hata ioni moja kwa seli nzima. Yote imeshikwa, na protini maalumu huipeleka mkono kwa mkono hadi kwenye kimeng'enya kinachoingoja. Zinki nayo ina protini zake za kuiingiza, za kuitoa na za kuihifadhi. Lakini nirudi kwenye chuma, maana ndicho nilichokikosea.

Mwili mzima wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne tu za chuma, na karibu theluthi mbili yake iko kwenye himoglobini. Kila siku tunapoteza miligramu moja hivi au mbili, kwa seli za ngozi na za utumbo zinazobanduka na kwa damu kidogo, na tunafyonza kiasi kama hicho kutoka kwenye chakula. Lakini uboho wa mifupa unahitaji miligramu 20 au zaidi kwa siku ili kutengeneza chembe nyekundu mpya. Zinatoka wapi? Kwenye chembe nyekundu zilizozeeka. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha humezwa na seli kubwa za kinga katika bandama na ini, chuma chake kikatolewa na kurudishwa kazini. Yaani chuma kingi tunachokitumia leo kilikuwa mwilini jana. Na swali la yule mwanafunzi lina jibu: mshale wa kutokea ambao mwili unaweza kuufungua kwa makusudi haupo. Figo haziondoi chuma kilichozidi kama zinavyoondoa chumvi. Kwa sababu hiyo mwili hauna budi kudhibiti kinachoingia, na kudhibiti nani apewe.

Udhibiti huo hufanywa na homoni ya ini iitwayo hepsidini, asidi amino 25 tu. Ilielezwa mwaka 2000 na 2001 na watafiti waliokuwa wakitafuta kitu kingine kabisa, protini ndogo zinazoua bakteria; wengine waliipata kwenye damu ya binadamu, wengine kwenye mkojo. Mwaka 2004 Elizabeta Nemeth, Tomas Ganz na wenzao wakaonyesha inavyofanya kazi. Chuma kina njia moja tu ya kutoka ndani ya seli kuingia kwenye damu, nayo ni protini iitwayo feropotini. Hepsidini huishika feropotini, seli ikaimeza na kuivunjavunja. Baada ya hapo chuma ulichokula kinabaki ndani ya seli za utumbo, ambazo baada ya siku chache hubanduka na kwenda chooni, na chuma cha chembe zilizozeeka kinabaki ndani ya seli kubwa za bandama.

Ini huongeza hepsidini chuma kikizidi, hilo linaeleweka. Lakini huiongeza pia mtu anapopata maambukizi, hata kama chuma chake ni kidogo. Bakteria wanahitaji chuma kama sisi. Wako wanaotoa kemikali maalumu za kukinyakua kutoka kwa mwenyeji wao, na sisi tuna protini ya kuzinasa kemikali hizo. Kimelea cha malaria nacho hakiishi bila chuma. Homa ikipanda, mwili unakiondoa chuma kwenye damu ndani ya saa chache na kukificha. Ukimpima mtu siku hiyo utakuta chuma cha damu kiko chini, na ukiwa mtu wa debe kama mimi utasema kimepungua. Kumbe kipo, kimefichwa kwa makusudi. Feritini nayo hupanda kwa sababu ya homa peke yake, kwa hiyo mtoto ambaye kweli hana akiba anaweza kuonekana anayo. Ndiyo maana maabara zenye uwezo hupima feritini pamoja na kipimo cha uvimbe mwilini, na wataalamu husoma majibu yote mawili kwa pamoja.

Ile mara mbili ya kipimo niliyoamuru, basi, ilikuwa ujinga juu ya ujinga. Utafiti uliotolewa mwaka 2015, uliofanywa Zurich kwa wasichana wenye akiba ndogo ya chuma, ulionyesha kwamba dozi ya miligramu 60 au zaidi hupandisha hepsidini kwa muda wa siku nzima, na dozi inayofuata hufyonzwa kidogo zaidi. Hao hawakuwa hata na homa.

Na zile wiki nne hazikuwa za kumzungusha mtu. Kampala, watafiti waliwachukua watoto wenye malaria na upungufu wa chuma, wote wakatibiwa malaria. Nusu walianza chuma siku hiyo hiyo, nusu wakasubiri siku 28. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Waliosubiri waliingiza chuma kingi zaidi kwenye chembe zao nyekundu, na ilipofika siku ya 56 damu ya makundi yote mawili ilikuwa imepanda sawa. Waliosubiri hawakupoteza kitu.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba habari kubwa kuliko zote ilitokea ng'ambo tu ya bahari kutoka kwetu. Kisiwani Pemba, watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35, zaidi ya 24,000, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa kila siku chuma na foliki asidi, wengine chuma na foliki asidi pamoja na zinki, wengine kidonge kisicho na dawa. Dozi ya chuma ilikuwa miligramu 12.5, nusu yake kwa wasiofikia mwaka. Hiyo si dozi ya kutisha. Agosti 2003 kamati ya usalama ilipendekeza makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yasimamishwe, nayo yakasimamishwa. Sunil Sazawal na wenzake walipochapisha matokeo katika jarida la The Lancet mwaka 2006, ilionekana kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 12 wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali. Utafiti kama huo ulifanyika Nepal, mahali ambapo malaria ni kidogo, na madhara hayo hayakuonekana.

Wakati Pemba wanasimamisha, mimi nilikuwa ubaoni nachora debe.

Laiti ningeishia hapo ningekuwa na kosa moja la kuungama. Nina la pili. Nilipoisoma Pemba niliogopa, na kwa woga ule nikageuka mhubiri wa upande wa pili. Mjamzito mmoja, mke wa mwalimu mwenzangu, alinilalamikia kwamba vidonge vya chuma alivyopewa kliniki vinamtia kichefuchefu na choo kimekuwa cheusi. Nikamwambia, kwa sauti ile ile ya uhakika, kwamba huku kwenye malaria bora aviache. Akaviacha. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyegundua, akamrudisha kwenye vidonge, na akanitumia ujumbe kupitia mumewe ambao sitauandika.

Nilikuwa nimeisoma Pemba nusu. Katika kundi dogo la watoto wa Pemba ambao walipimwa damu mapema na kutibiwa malaria kwa ukaribu, wale waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika nacho, madhara kwao yalipungua. Na kwa wajawazito kulikuwa na utafiti wa magharibi mwa Kenya, sehemu yenye malaria kama kwetu, uliochapishwa mwaka 2015: wanawake 470, nusu wakipewa miligramu 60 za chuma kila siku. Haikuonekana tofauti ya maana ya malaria kati ya waliopewa na wasiopewa, na watoto wa waliopewa walizaliwa wakiwa na uzito zaidi kwa wastani wa gramu 150. Gramu hizo kwa mtoto mchanga si kitu cha kuchezea, na mimi nilikuwa nimeanza kuzichezea.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kurekebisha maelekezo yake wakati mimi nikiyumba. Mwongozo wake wa mwaka 2016 haukatazi chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria. Unasema kitolewe pale ambapo kuna huduma za kukinga, kupima na kutibu malaria. Kwa lugha ya mtaani kwetu: chandarua, kipimo cha haraka na dawa mseto viwepo kwanza. Ni sentensi fupi, lakini haikai ndani ya debe langu, kwa sababu debe halina homa wala ini.

Makosa yote mawili nimeyatazama kwa muda sasa, na naona ni kosa moja. La kwanza nilisema ongeza, la pili nikasema acha, na mara zote mbili nilikuwa nahesabu kiasi tu. Sikuuliza chuma kiko wapi mwilini, nani amekishika, wala mwili unafanya nini nacho leo. Kosa la tatu, kama nalo lihesabiwe, ni kuwasengenya watu wa zahanati kwa jambo nisilolijua. Hilo halina uhusiano na baiolojia; ni kiburi cha chaki.

Mchoro wa debe nimeufuta. Kidato cha tatu sasa nawachorea duara: uboho, damu, bandama, damu tena, uboho, na ini likiwa pembeni likituma hepsidini. Inachukua kipindi kizima na kingine nusu, na mkuu wa taaluma ameniuliza mara kadhaa kama mada hiyo imo kwenye muhtasari. Haimo yote. Nitaendelea nayo.

Nawe unayesoma, kama una mjamzito nyumbani, vidonge vya chuma alivyopewa kliniki avimeze. Vikimtia kichefuchefu avimeze pamoja na chakula, asivinywe kwa chai, na awaambie wao kliniki kabla hajaviacha. Mtoto mwenye malaria amalize dawa mseto, na akiitapika ndani ya nusu saa arudishwe zahanati apewe nyingine. Ukiambiwa urudi baada ya wiki nne, rudi. Na chupa ya chuma iliyoko kabatini iweke mbali na watoto: dozi kubwa ya chuma ni sumu, na imekwisha kuua watoto wadogo.